Pasaka za Elva kwenye Ukoka wa Marrigal

Elva Tregenza alizaliwa mwaka ule ule ambao baba yake na wanaume wenzake wa Marrigal walisawazisha kipande cha ardhi kando ya mto Murray na kukipanda ukoka. Mji wenyewe ulikuwa bado mchanga: mizabibu huku, mizabibu kule, kiwanda cha kufungasha zabibu kavu, kanisa, na hoteli ya kunywea bia. Maji ya kumwagilia mashamba yalivutwa kwa mashine kutoka mtoni, na wazee wa mji wakaona kwamba wakichepusha kidogo tu wangepata viwanja vya tenisi vya kuwatia kijicho hata watu wa Melbourne. Wakavipata. Kila Pasaka, mavuno yakishaanikwa, treni ilishusha watu wenye raketi kutoka miji yote ya mtoni. Walipiga mahema chini ya mikalitusi, wanawake wakachemsha chai kwa mapipa, na Jumamosi kukawa na dansi ukumbini.

Horrie Tregenza, baba yake Elva, alikuwa muuza nyama mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Ndiye aliyemfundisha bintiye kucheza.

"Elva! Huo mpira usiupige kama unafukuza nzi! Upige kama umekutukania mama!"

"Baba, watu wanasikia."

"Wasikie! Wao watoto wao wanacheza kama wanapepeta unga!"

Akaupiga hivyo hivyo. Alipofika umri wa kuvaa viatu vya kisigino, hapakuwa na msichana wa Marrigal wa kumshinda, na kamati ya mashindano ikampanga kwenye mchezo wa mchanganyiko, mwanamume na mwanamke upande mmoja, pamoja na Lindsay Rundle wa shamba la jirani. Lindsay alikuwa mrefu, mkimya, mwenye jicho la ajabu. Watu walisema mpira ukiwa bado unamjia ameshasoma chapa ya kiwanda iliyoandikwa juu yake. Pasaka ya mwaka 1940 walichukua taji. Lindsay alikuwa tayari amejiandikisha jeshini. Walirudi nyumbani kwa baiskeli, yeye akisukuma ya kwake taratibu ili safari isiishe.

"Nikirudi tuoane," akasema, "au una mpango mwingine?"

"Rudi kwanza," Elva akamjibu, akicheka.

Maneno hayo alikuja kuyajutia sana.

Kikosi cha Lindsay kilipelekwa Malaya, kikarudi nyuma mpaka Singapore, na Singapore ilipoanguka kikatekwa chote na Wajapani. Mashindano yalisimamishwa. Jeshi liliegesha malori yake kwenye viwanja, matairi yakachimba mitaro, mafuta yakaunguza ukoka. Elva aliingia kiwandani kufungasha zabibu. Kila Jumapili alikwenda kukaa na mama yake Lindsay, wakimenya viazi bila kuzungumza, kwa sababu la kuzungumza lilikuwa moja tu na hakuna aliyetaka kulianza.

Lindsay alirudi vita vilipokwisha. Elva alikuwa stesheni na mji mzima, na aliyeshuka kwenye behewa alikuwa kama nguo iliyoanikwa juu ya miti. Lindsay alisimama akigeuza kichwa huku na huku kama ndege. Elva akamkimbilia. Lindsay akamkumbatia, ila alipomwachia hakumtazama usoni. Alitazama sikio lake, kisha bega, kisha behewa.

Ikawa hivyo miezi na miezi. Kila akizungumza naye, macho ya Lindsay yanakwenda pembeni. Chai anaimimina nje ya kikombe, anaitikia "samahani" kabla hajaambiwa kitu. Mambo ya kule alikotoka hakuyagusa. Elva alijitazama kwenye kioo akajiona amechakaa: mikono imepasuka kwa kazi ya kiwandani, meno mawili yameng'olewa. Akajisemea kwamba mwanamume amerudi, amemwona, na hakumpenda tena, basi tu anaona haya kusema.

Mwaka 1947 mashindano yakafufuliwa. Wanawake wa mji walikuwa wameng'oa magugu kwa mikono na kupandikiza ukoka upya, shina kwa shina. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Cuthbertson, ambaye pia ndiye aliyekuwa na kiwanda, alikwenda mwenyewe kwa akina Rundle.

"Lindsay, mwanangu, taji ni lenu mpaka mtu awanyang'anye. Mji unataka kukuona uwanjani."

Lindsay akageuza sikio upande alikoketi Elva. "Kama Elva yuko tayari," akasema.

"Mimi niko tayari," Elva akasema, akiutazama mdomo wake, maana macho yake hayakupatikana.

Mchezo wao wa kwanza walipangiwa Ossie Blandford, mtoto wa mwenye hoteli, na mkewe. Ossie hakwenda vitani kwa sababu ya mguu, japo mguu huo haukumzuia kukimbilia mpira, wala ulimi wake haukuwahi kuugua.

"Rundle!" akaita kabla hawajaanza. "Nasikia Wajapani walikufundisha kucheza kwa mianzi!"

Watu wakacheka, Lindsay naye akacheka. Kuanzisha mpira hakukumsumbua. Aliurusha juu, mkono ukafanya ulichokijua tangu utoto, na mpira ukatua kwenye mstari wa chokaa. Makofi yakalia. Mpira uliorudi ulikuja mnyoofu, polepole, wa kupigwa hata na mtoto. Lindsay akausubiri. Akausubiri mpaka ukampiga mdomoni.

Kicheko kilianzia kwenye hema la bia.

"Mfumbueni macho huyo!"

"Chupa ngapi asubuhi hii, Lindsay?"

Akafuta damu kwa mkono wa shati, akarudi mahali pake. Mpira wa pili ulipita kando ya raketi yake, na wa tatu vilevile. Elva akaanza kukimbia uwanja wote, kushoto, kulia, mbele, akimpigia kelele za "Wangu! Wangu!" ili asogee. Lindsay alikuwa anageuza kichwa huku na huku, kama siku ile stesheni. Hapo ndipo Elva alipoelewa. Akashika wavu.

Ossie naye akaelewa. Lazima isemwe kwamba uso ulimbadilika. Alianza kupiga mipira nje makusudi, mbali na mstari, mmoja baada ya mwingine, na mwamuzi akawa anahesabu pointi za Lindsay kwa sauti ya kigugumizi. Kicheko kilikatika. 

Lindsay akasogea mpaka wavuni. "Ossie," akasema, "nimepewa uji wa huruma miaka mitatu na nusu. Usinipe na wewe. Cheza."

"Lindsay, bwana wangu, tuache tu. Mguu unaniuma."

"Cheza, nimesema."

Wakacheza mpaka mwisho. Lindsay na Elva hawakupata gemu hata moja. Bibi Blandford alicheza seti yote ya pili akilia, na walipopeana mikono Lindsay alimpa wake mahali ambapo mkono wa mama yule haukuwepo.

Nyuma ya kibanda cha chama cha tenisi, pale palipoegemezwa reki na gogo la chuma la kulazia nyasi, Elva akamshika Lindsay shati kifuani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Madaktari wa jeshi wameyaangalia, wanasema macho ni mazima. Wanasema ni uoga, eti natafuta pensheni. Kule tulikuwa wengi wa namna hii. Tuliishi kwa wali mtupu, uliooza, mpaka katikati ya kila kitu pakaingia ukungu." Akageuza uso pembeni kabisa, mpaka Elva akaona shavu lake tu. "Sasa hivi nakuona. Naona nywele zako, naona huo mkono. Nikikutazama sawasawa, Elva, huna uso. Nimerudi kutoka kule kote, na uso wako sijauona."

Elva hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu. Akachukua mkono wa Lindsay akauweka kwenye shavu lake, akauacha hapo.

"Na mimi," akasema, "siku zote hizi nikidhani umenichoka."

Walioana baridi ilipoingia. Ingependeza kusema kwamba mambo yalitengemaa, lakini hayakutengemaa. Pensheni ilikataliwa, ikaombwa tena, ikakataliwa tena. Lindsay alijifunza kupogoa mizabibu kwa vidole, na kazi hiyo aliiweza, lakini gari hakuweza kuendesha, gazeti hakuweza kusoma, na mtu akimsalimu barabarani hakumjua mpaka azungumze. Baadhi walimwona ana maringo. Walipata binti, wakamwita Coral, na Lindsay alimfahamu kwa harufu ya kichwa chake. Usingizini alipiga kelele kwa lugha ambayo Elva hakuijua. Alikunywa. Hakuwahi kumpiga mtu, ila kuna siku alikaa kwenye ngazi za nyuma tangu asubuhi mpaka jua linazama, na ukimletea chakula anakuambia asante, na chakula kinapoa pale pale.

Viwanjani hakukanyaga tena. Elva ndiye aliyeendelea kwenda, Pasaka hata Pasaka, akacheza na wanawake wenzake, akashinda mara nyingine, akashindwa zaidi. Lindsay mwenyewe ndiye aliyekuwa anamfukuza nyumbani. "Nenda bwana, ukae hapa kunitazama mimi? Nenda ukawachape."

Mwaka 1956 mto Murray ulipanda kuliko mzee yeyote wa Marrigal alivyowahi kuona. Ulipanda polepole, na kwa upole ule ukatisha zaidi. Kamati ya mji ikaamua pa kujenga tuta la kuzuia maji: lingepita nyuma ya kiwanda na barabara kuu, na viwanja vya tenisi vingebaki upande wa mto. Hapakuwa na ubishi mkubwa. Wanaume wote walishika koleo, Lindsay akiwemo, akishikilia mdomo wa magunia wenzake wakijaza mchanga. Wiki nzima alifanya kazi hiyo, na Elva alimwona amechangamka kama ambavyo hakuwa amemwona tangu harusi. Usiku anarudi amechoka, analala bila kelele.

Mchana mmoja, wenzake walipokwenda kunywa chai, yeye akabaki. Waliporudi hawakumkuta. Walidhani amekwenda nyumbani. Elva alipokuja kumletea koti, kwa kuwa mvua ilianza, ndipo mbio zikaanza, na mashua zikashuka. Ossie Blandford alipiga makasia mpaka viganja vikachunika. Maji yalikuwa yameshafika kwenye paa la kibanda cha chama. Walimpata siku kadhaa baadaye, amenaswa kwenye uzio wa waya wa uwanja wa kwanza.

"Hakuona, masikini," watu wakamwambia Elva makaburini, mmoja baada ya mwingine. "Alikanyaga akidhani ni nchi kavu. Hakuona."

Elva akaitikia. Hakumwambia mtu, hata Coral alipokuwa mtu mzima, kwamba Lindsay alikuwa haoni kilichokuwa mbele ya macho yake tu, lakini cha chini na cha pembeni alikiona vizuri kuliko wengi. Kwa miaka tisa hakuwahi kujikwaa. Alikiruka hata kidimbwi cha maji ya kuku. Labda tope la tuta lilimeguka. Labda. Swali kama kweli aliteleza aliliweka ndani yake, likakaa humo.

Maji yalipotoka yaliacha tope jeusi lenye chumvi, na katikati ya viwanja mabaka yasiyoota kitu. Bwana Cuthbertson, sasa mzee wa kutetemeka, alimjia nyumbani, kofia mkononi.

"Kamati imefikiria, Elva. Tukifufua mashindano, taji la mchanganyiko tuliite kwa jina la Lindsay. Mji unampenda."

"Mji ulimcheka."

"Ilikuwa ujinga wa siku moja, mama."

"Na pensheni? Nani kati yenu aliandika kumsemea?" Akasubiri. Mzee akazungusha kofia. "Hilo jina liacheni lilipo. Koleo nitashika, nitakuja kuwasaidia kuondoa tope. Jina mliache."

Akaenda kweli. Alichimba tope na wenzake kiangazi kizima, akapandikiza ukoka mahali palipokubali, na pasipokubali wakapanda tena. Mashindano yakarudi, lakini viwanja vilikuwa vichache na treni ikawa haiji tena. Vijana waliondoka kwenda kusoma Adelaide na Melbourne, na waliobaki walipenda viwanja vya lami vya shuleni, ambako mpira haudundi kwa kubahatisha. Miaka ya themanini ilipofika, halmashauri ikasema maji ya mto hayatoshi kumwagilia nyasi za watu wachache. Mkutano uliitwa. Waliokuja walijaa safu mbili za viti, wengi wao wana mvi. Mwenyekiti mpya, kijana wa benki, akamwomba Bibi Rundle aseme neno, kwa kuwa hakuna aliyecheza miaka mingi kama yeye.

Elva akasimama, akishikilia kiti cha mbele.

"Nilipapenda," akasema. "Na pameniumiza. Fungeni maji." Akaketi.

Ukoka ulikufa ndani ya kiangazi kimoja. Pasaka iliyofuata Elva alikuwa shambani na Coral, wakipukuta zabibu kavu kwenye vichanja, haraka haraka, kwa sababu upande wa magharibi mawingu yalikuwa yamekusanyika na zabibu zikilowa zinaoza. Walifanya kazi mpaka matone ya kwanza, wakaburura maturubai, wakafunika.