Kisigino cha Bwana Spidi

Mume wangu ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Bwana Spidi kwa sababu kila asubuhi hukimbia utadhani kuna mtu anamfukuza. Hajawahi kushinda chochote. Anakimbia tu, anarudi, ananisimulia kila kona aliyopita kana kwamba mimi ni mgeni hapa.

Basi kisigino kikamgomea. Akakilazimisha, nacho kikavimba. Daktari wa viungo, mama mmoja asiyecheka ovyo, akampiga marufuku. "Umekitumikisha mno. Kipumzishe, la sivyo mbio utakuwa unazisikia redioni."

Lo, mwanamume aliogopa! Viatu akanikabidhi mwenyewe nivifungie kabatini. Kisha hamu yote ya kukimbia akaihamishia kwenye cherehani. Alishona mashati, mapazia, hata foronya ambazo hakuna aliyeziagiza. Kisigino kikazidi kuuma. Tukirudi kliniki, daktari ananikazia macho mimi: "Mama, huyu hatoroki kweli?" Jamani! Kabati nalinda mimi, lawama napewa mimi!

"Ndiyo basi tena," mume wangu akaniambia njiani. "Sitakimbia tena, mke wangu." Hakuwa anatania.

Siku moja daktari akaja dukani kwetu kupunguziwa sketi. Alisimama mlangoni akautazama ule mguu mbovu ukikanyaga pedali, juu chini, juu chini, bila huruma.

"Wewe baba!" akafoka. "Huku ndiko kupumzika?"

"Lakini si nimekaa?" akajibu mume wangu. Haki ya Mungu, alikuwa anamaanisha.

Mguu mwingine aliujaribu, nyuzi zikawa zinakatika ovyo. Ikabidi tushone wawili, tumebanana kwenye benchi moja: yeye anaongoza kitambaa, mimi nakanyaga. Akisema polepole, naongeza. Akinigombeza, nasimama katikati ya mshono na kujipepea. Kola moja ilitoka imepinda vibaya, akaivaa mwenyewe kwa aibu.

Asubuhi daktari aliyomruhusu kujaribu kukimbia, alikwenda hadi mwisho wa mtaa na kurudi, kwa mwendo wa bibi harusi. Akaingia ndani machozi yanamtiririka. Nikamkimbilia.

"Kinauma?"

"Hakiumi," akasema. "Hakiumi hata kidogo!"

Nikamkumbatia na jasho lake lote, tukalia pamoja kama watoto. Halafu nikamsukuma kuelekea kwenye cherehani.

"Basi leo kanyaga mwenyewe," nikamwambia. "Changu kinauma tangu juzi, nilikuwa nanyamaza tu."