Alama ya Rangi ya Kucha

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu Neema, pale Mirongo, nilivyomwita mtu mwizi kwa sauti iliyovuka barabara. Imenirudia jana nilipokupitia kwa yule fundi simu wa stendi. Nilikukuta umevuta stuli, umemsogelea mpaka mnapumuliana, umemkodolea macho vidole usije ukapitwa na kitu. Nikacheka peke yangu. Nikasema, huyu kweli nimemzaa mimi.

Maana kwa kushuku watu, mimi sijapata wa kushindana naye. Hata leo nikinunua mkate naugeuza nione chini. Mama yako anajua. Lakini usinihukumu mapema, sikiliza kwanza nilikotoka.

Miaka ya tisini biashara ilipofunguliwa, Mwanza ilijaa vitu ambavyo wazazi wetu walikuwa wakivipangia foleni. Redio, saa, betri, viatu, vyote vimemwagwa barabarani, na nusu yake feki. Mimi kijana wa Magu nikatumwa mjini na hela ya pamba ya baba kununua redio kaseti ya spika mbili. Nikampata muuzaji mpole, mpole kabisa, akanijaribishia redio mbele ya macho yangu ikaimba, akaitia kwenye boksi, akalifunga kamba. Nilipofika nyumbani baba akalifungua. Udongo! Udongo wa mfinyanzi, umekandwa vizuri na kukatwa ukaenea boksi. Baba hakunigombeza. Alicheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko fimbo. Tangu siku hiyo nikaapa kwamba hakuna mtu atakayeniingiza mjini tena.

Miaka ikapita. Nikaoa, wewe ukazaliwa, na wakati unatambaa mimi nikafungua kibanda cha gemu Kirumba, njia ya kwenda soko la samaki la Mwaloni. Vijana wa sokoni wakimaliza kupakia dagaa walikuja kwangu na harufu yao, wakakaa kwenye benchi, wakacheza mpira kwenye televisheni mpaka wakasahau kula. Mashine yangu ilikuwa nyeusi, kubwa, nzito kama tofali. Niliinunua kwa mtu aliyeitoa Dubai, tayari mafundi wa huko wameshaichokonoa ili ikubali gemu za kunakili. Uzuri wake, gemu zilikaa ndani kwa ndani, kwenye hadidiski, kile chombo cha kuhifadhia kilichomo tumboni mwake. Huhitaji CD, na CD kwa vumbi la Kirumba hazikuwa zinamaliza mwezi.

Tatizo ni kwamba diski ile ilikuwa ndogo. Ukitaka kutia gemu mpya, ufute ya zamani. Vijana wakaanza kunisimanga kwamba kwangu hakuna jipya, na jirani yangu amefungua kibanda chenye mashine tatu. Nikaambiwa mjini yupo fundi mmoja tu anayeweza kuitoa hiyo diski na kuweka kubwa. Anaitwa Manyama.

Manyama alikuwa Mjita wa rika langu, mwembamba, wa maneno machache. Meza yake ilikuwa barazani kwa Mzee Karim, Mhindi wa vitambaa pale Mirongo, ambaye alimpa kona ile kwa kumwamini tu. Spika za kwaya yetu alizitengeneza yeye. Watu walimsifia hadi nikachoka. Na alikuwa mpole, mwanangu. Upole wake ndio ulionitia wasiwasi, maana yule wa udongo naye alikuwa mpole.

Sasa enzi hizo, ukipeleka kitu kwa fundi, unatia alama. Mwenye pikipiki alikwaruza injini kwa msumari. Mwenye redio aliandika jina lake ndani kwa peni. Kila mtu aliamini kwamba fundi akikosa macho yako anachomoa kizima anaweka kibovu. Basi mimi, siku moja kabla ya kwenda, nikafunga mlango wa kibanda mchana kweupe, nikaifungua mashine kwa bisibisi. Ndani nikakuta visanduku viwili vya bati, kimoja kikubwa kinang'aa, kingine kidogo kimekaa pembeni kinyonge. Nikajiambia, kitu cha thamani hakiwezi kuwa hiki kinyonge. Nikachukua rangi ya kucha ya mama yako, nyekundu, nikatia doa kwenye kile kikubwa. Nikafunga. Nikajiona mjanja, hee!

Kesho yake nilikaa kwa Manyama toka asubuhi, kwenye stuli, kama ulivyokaa wewe. Akafungua mashine akiwa amenipa mgongo kidogo, nikasogea. Akaiwasha, na wakati inawaka hivyo hivyo, akachomoa waya kwenye diski akauchomeka kwenye kompyuta yake. Nani anachomoa vitu umeme ukiwa ndani?

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Diski hii imefungwa na mashine yake, kaka Masalu," akanijibu bila kuinua kichwa. "Zinajuana. Mashine ikishaifungua ndipo naiwahi kunakili. Nikiizima, inajifunga tena. Ukiipeleka kwenye kompyuta nyingine yoyote, itaonekana imekufa."

Wewe ungesikia maelezo. Mimi nilisikia mtu anayejitengenezea kichaka cha kujifichia. Nikasema moyoni, ahaa, kumbe imeshaanza.

Alasiri kazi ikaisha, na pamoja na kusogea kwangu, mgongo wake ulikuwa umenizibia nisione ni kisanduku kipi hasa kilichotoka. Mashine ikawaka, gemu zote zipo, na nafasi imebaki tele. Akanikabidhi ile diski ya zamani ameifunga kwenye gazeti. "Itunze," akasema, "siku mpya ikikusumbua utairudisha." Nikaaga kwa heshima. Nilipokata kona nikafungua gazeti. Kisanduku kidogo! Tena hakina doa. Nikakigeuza juu, chini, pembeni. Hakuna nyekundu.

Sikurudi kumuuliza. Hapo ndipo nilipokosea, na nitalirudia hili kabla sijamaliza. Badala ya kumuuliza mwenyewe nikaenda kutafuta ushahidi. Nikaipeleka ile diski kwa mwalimu mmoja wa chuo cha kompyuta, akaichomeka, akatikisa kichwa. "Hii imekufa, bwana." Nikafurahi! Ndiyo, nilifurahi, sikufichi. Roho yangu ilisema, safari hii boksi nimelifungua kabla sijafika nyumbani.

Jumamosi nikaenda Mirongo saa ya watu wengi. Nikasimama mbele ya ile baraza, diski mkononi, nikaropoka. "Huyu mtu ni mwizi! Kachukua diski yangu kubwa kanipa mzoga!" Na wewe unajua neno mwizi mjini linavyoita watu. Kufumba na kufumbua baraza imejaa. Wengine hawakujua hata kilichoibwa ni nini, lakini mawe walikuwa nayo.

Manyama alisimama. Sauti yake haikupanda. "Kaka Masalu, ilete mashine. Niirudishe diski hii ndani yake, hapa hapa, watu wote waone. Ikikataa, wanifanye wanavyotaka."

Mwanangu, mashine ilikuwa Kirumba. Ni kwenda na kurudi tu. Mtu aliweka maisha yake mezani mbele ya kundi lenye mawe, na mimi nikamjibu, "Ili uniibie na kilichobaki?" Watu wakaangua kicheko. Jiwe la kwanza likapiga ukuta. Mzee Karim akatoka mbio na kanzu yake, akamshika Manyama mkono, akamwingiza dukani na kuvuta geti la chuma. Kabla hajalifunga alinitazama mimi. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Una hakika, kijana wangu?" Nikasema ninayo.

Wiki ile wenye redio zao walizifuata moja moja. Mzee Karim alimtetea kadiri alivyoweza, lakini wateja wa vitambaa nao walianza kupita mbali, na mwishowe akamwomba atafute mahali pengine. Nikasikia amevuka ziwa pale kivuko cha Kigongo, yuko ng'ambo, Busisi. Nikasema, asiye na hatia asingekimbia.

Ikapita kama miezi mitano. Mashine ikaanza kukwama kwa joto na vumbi, nikaileta nyumbani kuisafisha. Nimeifungua juu ya meza, mama yako amekubeba mgongoni, anachungulia begani kwangu. Akasema, "Baba Neema, rangi yangu ya kucha imefikaje humo?"

Nikatazama. Kile kisanduku kikubwa kinachong'aa kilikuwa pale pale, na doa langu jekundu juu yake. Hakuna aliyekigusa. Kumbe kile ndicho cha kusomea CD! Diski yenyewe ndiyo ile ndogo, nyonge, niliyoidharau. Nikaenda kuitafuta ile "mzoga" chini ya kitanda, nikaichomeka ilipokuwa mwanzo, nikawasha. Ikawaka. Yakatokea majina ya vijana wangu wa Mwaloni na mabao yao ya zamani, kama walivyoyaacha. Haikuwa imekufa kwa mwalimu, ilikuwa imejifunga tu, kama Manyama alivyoniambia. Mama yako akakaa chini, akaniambia, "Kesho unavuka." Nikavuka.

Siku hizo ni kivuko tu, daraja hakuna aliyelifikiria. Nilimkuta Manyama karibu na gati la Busisi anaziba pancha za baiskeli. Mtu aliyeweza kuzihamisha diski umeme ukiwa ndani, amepiga magoti anasugua mpira kwa msasa. Nikamuuliza mbona hatengenezi redio. Akasema, "Watu wa Kirumba wanavuka hapa kila siku. Wakinipita wanasema, yule ndiye mwizi wa diski. Nani anipe redio yake?"

Nikamweleza yote, hadi rangi ya kucha. Nilisema nisamehe mara nyingi mpaka neno likaniishia ladha. Alimaliza kuziba pancha kwanza. Kisha akasema, "Nimekusamehe. Ila ulisema kwa sauti kubwa, mbele ya watu. Usininong'oneze mimi hapa. Kaseme kule kule."

Nikaenda, Jumamosi, Mirongo, saa ile ile. Nikapaza sauti kwamba nilimsingizia Manyama, kwamba mjinga ni mimi. Nilidhani mambo yatanyooka. Unajua walisemaje? Nusu ya waliokuwepo siku ile hawakuwepo. Na waliokuwepo walitazamana, mama mmoja muuza nyanya akasema wazi wazi, "Masikini, fundi kamtupia kitu toka ng'ambo. Angalia macho yake." Wakasogea pembeni. Yaani nilikwenda kumtoa kwenye wizi, nikamtia kwenye uchawi! Nililia njiani hadi nyumbani, mtu mzima mimi, na sikuwa na haya.

Ndipo nikafanya kitu kimoja ambacho sikuwa nimewahi kukifanya maishani. Nikabeba mashine yangu, riziki yetu yote, nikavuka nayo hadi Busisi, nikaiweka mbele ya Manyama watu wakitazama. Nikasema kwa sauti, "Fundi, isafishe, rekebisha unavyoona. Mimi naenda kula."

"Hukai uangalie?" akaniuliza.

"Sikai."

Nitakwambia ukweli, mwanangu. Samaki niliyeagiza, sato mzima, nilimla bila kusikia ladha yake. Roho yangu ilikuwa kule kwenye bisibisi zake. Mara mbili niliinuka nikakaa tena. Ugonjwa huu hauponi kwa siku moja. Lakini sikwenda.

Niliporudi nikakuta watu wamemzunguka, na bibi mmoja wa pale amekumbatia redio yake anangoja zamu. Alikuwa amesikia kwamba yule aliyemtangaza mwizi ndiye huyu anayemwachia mashine na kuondoka. Manyama akanionyesha mashine kabla hajaifunga. Kwenye diski yenyewe, ile ndogo, alikuwa ametia doa jekundu kwa rangi ya baiskeli. "Nimekuwekea," akasema, "ili siku nyingine usikosee." Hakucheka. Wala mimi.

Hakurudi Mirongo tena. Alibaki ng'ambo, akazeekea huko, na redio zilimrudia kidogo kidogo. Lakini ile baraza niliyomtoa sikuweza kumrudishia, na Mzee Karim alikufa bila kuniambia neno lingine zaidi ya lile swali lake.

Sasa neno langu ni hili, Neema. Sikukatazi kuwa macho. Mji huu una watu wa udongo bado, tena wengi. Tia alama zako, hesabu vitu vyako, kaa kwenye stuli ukitaka. Lakini ukikosa alama, anza kujiuliza kama uliiweka mahali pake. Halafu rudi kwa mwenyewe, umuulize yeye kwanza, faraghani, kabla ya mwalimu wa chuo na kabla ya barabara. Na mtu akikwambia nijaribu hapa hapa watu waone, hata kama hasira imekupanda kooni, mjaribu. Mimi nilikataa, na jibu lilikuwa Kirumba, mwendo mfupi tu. Ukishakosea, omba radhi kwa sauti uliyotukania, na ujue kwamba hata hiyo huenda isifike.

Mungu akulinde na matapeli, mwanangu, na watu waaminifu awalinde na wewe. Kesho ukaichukue simu yako. Na yule fundi ukimkuta, mpe shikamoo yake.