Jaketi ya Mvushaji

Unanisumbua niandike juu ya huyu mtu wa mtumbwi, kana kwamba sina mgonjwa wa kunywesha uji. Haya. Anayetuvusha mto Nzoia kuja huku Matulo hutupa jani majini kwanza, aone linakokwenda. Mikono yake imepasuka kama gome la mti. Akipiga kasia huimba wimbo wa kanisa, mdomo umefungwa. Juzi mto ulijaa, na dada yangu Wilkista alikuwa mahututi ng'ambo. Jamaa akaangalia jani lake, akakataa kwenda. Mimi nikaketi ndani ya mtumbwi, nikakataa kutoka. Akatupa jani lingine, akaliangalia sana.

“Kukhu, bibi yangu, basi vaa hii jaketi ya kuelea.”

“Huu mto nimeuvuka kabla uzaliwe, bana!”

“Sawa. Nitukane ukiwa umevaa.”

Nikavaa. Katikati, pale maji yanachemka kwenye mawe, wimbo ukanyamaza. Mtumbwi ukalala upande.

“Usiangalie jiwe, Kukhu! Angalia ng'ambo!”

Tulipogusa mchanga ndipo nikaona kifua chake: shati tu, limelowa. Jaketi ilikuwa hiyo moja. Wilkista anapumua, niko naye. Sasa wewe uliyetaka hadithi, leta jaketi ya pili. Mpaka uje, sirudi nyumbani, hata kuku wamalize mahindi yangu.