Masikio ya Fundi Raymundi

Watu wa mtaa wetu wa Ng'ambo, Tabora, walizoea kunicheka kwamba mume wangu haendi kwa mteja bila mkewe. "Mama Anselm anamchunga fundi asiibiwe," walisema. Niliwaacha waseme. Miaka mitatu nilimbebea sanduku lake la vifaa, na hakuna aliyejua kwamba sanduku lilikuwa kisingizio.

Raymundi alikuwa fundi wa redio. Alizaliwa Kwihara kwa wakulima, akafundishwa mambo ya waya na mzee mmoja wa simu za reli kule Kaliua, akarudi Tabora mjini akiwa hajui tena kushika jembe sawasawa. Mwaka wa sabini na moja alipata homa kali, akadungwa sindano za kwinini siku tisa. Yeye akapona, masikio hayakupona. Ukisimama mbele yake alikusoma midomo na kukujibu vizuri, tena kwa utani. Ukimwita kwa nyuma ilikuwa kama kuita ukuta.

Mimi nilitaka tuseme wazi. Tuligombana juu ya jambo hilo hata chakula kikapoa mezani. "Nani ataleta redio kwa kiziwi?" aliniuliza. Basi tukapatana. Kwa mteja nilikaa ninatazamana naye, sanduku mapajani. Nikiweka mkono wa kulia juu ya kifuniko, sauti ni safi. Nikiweka wa kushoto, redio inavuma. Nikiweka yote miwili, zima upesi. Tuliishi hivyo, tukala, tukasomesha mtoto.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na nne. Watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, na pale mtaani balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa anaandika majina ya watu wasio na kazi ili wapelekwe huko. Jina lake Masolwa, mtu wa penseli nyuma ya sikio. Kulima si aibu, mimi mwenyewe nimelelewa na jembe. Lakini Raymundi bila koleo na risasi ya kulehemu angekufa huku amesimama. Na Masolwa alikwisha kumshuku. Mara mbili alimsalimia kwa nyuma pale sokoni, mara mbili hakujibiwa. "Mumeo ana kiburi, au ana jingine?" aliniuliza. Nikamwambia ana kiburi.

Wiki hiyohiyo Mzee Hamdun, Mwarabu wa mtaani petu, akatuita. Mwanawe Nasor alikwenda Maskati miaka kumi nyuma na hakurudi. Barua zilikuja moja moja, halafu zikakatika. Sasa msafiri alikuwa amemletea tepu yenye sauti ya Nasor, pamoja na rekoda ndogo ya kuichezea. Rekoda ilianguka kwenye gari moshi, spika yake ikafa. Lakini sebuleni mwa Mzee Hamdun kulikuwa na redio ya kabati, ile yenye santuri juu na spika mbili chini, nayo ilikuwa nzima.

"Ni waya tu, fundi," alisema Mzee Hamdun. "Utoe sauti kwenye rekoda, uiingize kabatini."

Waya tu! Rekoda ilikuwa ya Kijapani, tundu lake jembamba la pini moja. Kabati lilikuwa la Kijerumani, tundu lake la duara lenye vishimo vitano. Hapakuwa na duka Tabora lenye kiungo cha kuyaunganisha hayo mawili; mwaka ule hata sabuni uliisikia kwa jirani. Raymundi alivichonga viungo mwenyewe kwa pini za redio mbovu. Na waya nao si waya wowote. Ukifunga waya wa pasi, unavuta umeme wote wa nyumba na kuvuma kama mzinga wa nyuki. Unatakiwa waya uliovikwa wavu wa shaba kuuzunguka ule wa ndani. Alikuwa nao wa namna hiyo vipande viwili, wa kijivu mrefu na mweusi mfupi usiozidi mkono. Tulijaribu wa kijivu nyumbani, nikaweka mkono wa kulia juu ya kifuniko. Nikaufunga uzi mwekundu ili tusiuchanganye.

Jumapili baada ya misa tukaenda, sanduku limefungwa nyuma ya baiskeli. Nilipoingia mlangoni nikaona penseli. Masolwa alikuwa ameketi kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Kitu kilichotoka nchi za nje, alisema, lazima kiongozi akisikie.

Nikaanza kukaa mahali pangu, mkabala na mume wangu, na hapo pazia la ndani likafunguka kidogo. Alikuwa Bi Khole, mama yake Nasor.

"Shikamoo, Bi Khole."

"Marahaba, mwanangu. Njoo huku ndani. Huko ni kwa wanaume."

Miaka mitatu ya hila zetu, na hatukuwahi kuifikiria nyumba ambayo wanawake hukaa ndani. Kukataa ningekataa vipi? Nikamtazama Raymundi, naye akanitazama. Nikaliacha sanduku kitini, nikapita pazia na mikono yangu mitupu.

Tuliketi mkekani, Bi Khole amenishika kiganja. Alikuwa amevaa kanga mpya na kujifukiza udi kana kwamba mwanawe anaingia mwenyewe. Kwenye upenyo wa pazia niliuona mgongo wa Raymundi. Alichomeka waya wa kijivu kabatini, upande wa pili akachomeka kwenye rekoda. Akawasha kabati, akasubiri lipate moto, akaongeza sauti.

Likavuma. Vuuuuu, mpaka glasi mezani zikatetemeka. Baiskeli! Njia nzima ile ya mashimo, wavu ulikuwa umekatika ndani ya kiungo.

Raymundi hakugutuka. Akatazama kwenye kile kiti, mahali ambapo mkono wangu ungekuwa. Palikuwa na kifuniko cha sanduku peke yake.

"Ndugu fundi," alisema Masolwa kutoka nyuma yake, "mbona linavuma?"

Raymundi akaendelea kufuta vumbi juu ya rekoda.

"Fundi! Nasema linavuma!"

Masolwa akamtazama Mzee Hamdun, kisha polepole akaichomoa penseli. Niliona mkono wake unaingia mfukoni kutafuta karatasi. Nilitamani kupasua pazia lile. Nilimchukia Masolwa, nikamchukia Raymundi kwa ubishi wake, nikajichukia mimi niliyejifunza kusema uongo kwa mikono.

Bi Khole akaninong'oneza sikioni. "Mumeo hasikii?"

"Anasikia," nikasema.

"Mwanangu, mficha uchi hazai. Iliyo mle ndani ni sauti ya Nasor. Usiniharibie."

Kama ningetoka, jina la mume wangu lingeandikwa mbele ya macho yangu. Kama ningekaa, mama huyu angesikia mzinga wa nyuki badala ya mtoto wake. Nikainuka. Sijui mpaka leo ningesema nini.

Sikuwahi kusema. Raymundi alikuwa amegeuka, ameuona uso wa Mzee Hamdun, amekwisha kuona penseli. Angeweza kujifanya amemaliza. Angeweza kusema umeme ni mbovu, nasi tukaenda zetu. Badala yake akachukua bisibisi yake yenye mpini wa mti, akapiga magoti mbele ya kabati kama yuko altareni. Akaugusisha mpini kwa meno, akauuma, ncha akaikandamiza kwenye ubao chini ya spika. Akafumba macho.

Kwa mifupa ya kichwa chake aliuhisi ule mvumo. Niliona mabega yake yakishtuka.

"Kumbe!" Masolwa alisimama. "Kumbe huyu ni kiziwi!"

Raymundi alichomoa waya wa kijivu, akautupa sandukuni. Akauchukua ule mweusi mfupi. Haukufika. Mzee Hamdun mwenyewe, mtu mzima wa kanzu nyeupe, akavuta kigoda, akaisogeza rekoda mpaka ikagusa kabati. Raymundi akachomeka. Akauma tena bisibisi, akakandamiza. Alikaa hivyo muda mrefu, jasho linamtoka shingoni, na sisi sote tumezuia pumzi. Halafu akatoa bisibisi mdomoni, akaipangusa kwa shati, akabonyeza kitufe cha rekoda.

Palikuwa na kimya safi. Kisha mtu akakohoa.

"Mama," ilisema sauti, karibu kabisa, kana kwamba iko mlangoni. "Shikamoo, mama."

Bi Khole aliliondoa pazia kwa mkono wake, akasimama pale mbele ya wanaume na kanga yake mpya.

"Marahaba!" aliiambia redio. "Marahaba, Nasor! Marahaba, baba yangu!" Na machozi yakammwagika mpaka shingoni.

Raymundi hakusikia neno hata moja. Lakini alimwona yule mama, akajua waya umekubali. Akakaa chini sakafuni.

Tepu ilipokwisha, Masolwa alikohoa. "Hata hivyo, Mzee. Fundi wa redio asiyesikia ana kazi gani mjini?"

"Wewe unasikia, Balozi," alisema Mzee Hamdun. "Uliusikia ule mvumo kabla yetu sote. Je, uliuondoa?"

Masolwa alirudisha penseli nyuma ya sikio, lakini karatasi aliikunja akaitia mfukoni, na sikuona kilichoandikwa. Mimi na Raymundi tukarudi nyumbani tukikokota baiskeli. Tulipovuka reli Raymundi alisimama, akanigeuzia uso.

"Yule kijana alisema nini?"

"Alisema shikamoo, mama."

"Na mama?"

"Aliitikia."

Akatikisa kichwa, akalia. Tangu homa ile sikuwa nimemwona analia. Nami nikalia, kwa sababu huenda jina lake lilikuwa mfukoni mwa Masolwa na mimi sikuwa na mkono wa kuweka popote.

Jumatatu asubuhi mlango ulibishwa. Nilipofungua, Masolwa alikuwa amesimama pale na kitu kimefunikwa gazeti kwapani. Sikumkaribisha. Alinipita, akaenda moja kwa moja mpaka mezani kwa Raymundi. Hakumwita kwa nyuma. Alizunguka meza, akasimama mbele yake kwenye mwanga wa dirisha, akafunua redio yake kuukuu ya betri, akafungua mdomo vizuri.

"Fundi," alisema polepole, "inavuma."