Jemadari na Mji wa Katikati

Dobi hakuwahi kushika bunduki maishani mwake. Silaha yake ilikuwa pasi, na jeraha lake la pekee lilikuwa kovu la kuungua kiganjani, alilolipata siku alipokuwa akitazama simu badala ya kutazama kola ya shati la mteja. Lakini huko mtandaoni, kwenye kundi la wachambuzi wa vita, aliitwa Jemadari, na Jemadari alikuwa hashikiki. Akitokea mtu kusema jeshi fulani litashinda kwa sababu lina droni nyingi, alimshukia papo hapo, mashine za kufulia zikinguruma nyuma yake. Vita vya siku hizi, aliandika, ni vya kuchoshana. Unamkata mwenzako ugavi, unamnyima pumzi, unamlegeza taratibu mpaka anafunga virago mwenyewe. Wenzake walimmwagia dole gumba, na wengi wao hata manati walikuwa hawajawahi kuivuta.

Nyumbani, jemadari huyu aliishi katika nyumba aliyoiacha marehemu baba yake. Chumba cha nyuma kilikuwa chake, cha katikati cha mama yake, na cha mbele, chenye mlango wa kutokea barabarani, cha mdogo wake wa kike, msusi. Ndoa ya msusi ilipovunjika alirudi na masanduku yake na friji lake, na mama akampa chumba kile bila kumuuliza mtu. Hapo ndipo Dobi alipovimba. Alikuwa na miaka anakiota chumba kile: duka lake mwenyewe la kufulia, jina lake juu ya mlango, asiwe tena mtu wa kufokewa na tajiri kwa ajili ya doa. Sasa humo mlikuwa na kioo kikubwa, kikaushio cha nywele na wanawake wanaocheka kutwa.

Angeweza kusema. Wangegombana, mama angelia kidogo, yangekwisha. Lakini mtu akishazoea kuitwa Jemadari, kuomba chumba anaona ni kujivunjia heshima.

Kule kwenye kundi walikuwa na mchezo wao, waliuita zoezi. Mtu huchora ramani isiyo na majina, akaeleza nani yuko wapi na anashika nini, wengine wakashauri namna ya kushinda. Kuuliza ni nchi gani ilikuwa mwiko. Basi Dobi akachora nyumba yao. Jeshi la kaskazini, ndiye yeye, lilishika chanzo cha umeme, maana swichi kuu ilikuwa ukutani kwake. Jeshi la kusini, ndiye msusi, lilishika bandari, yaani mlango wa barabarani, na ghala, yaani friji. Katikati aliweka mji usio na askari.

Ushauri ulimiminika. Kata umeme asubuhi, urudishe jioni, walisema, ili usiitwe katili. Bandari ikifa, jeshi litatoka lenyewe kutafuta riziki mbali, na likishatoka limekwisha. Mmoja tu, aliyejiita Bwana Kifaru, aliuliza swali la maana: "Huo mji wa katikati, kuna kitu unachokitegemea kutoka ghala la kusini?"

Dobi aliliangalia swali hilo kwa muda. Mama yake alikuwa mgonjwa wa kisukari, na dawa yake ya sindano ilikaa kwenye friji la msusi, kwa kuwa nyumba nzima haikuwa na jingine. Alijua. Asije mtu akamtetea hapa kwamba hakujua.

"Kidogo," alijibu. "Utavumilia."

Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, alizima swichi ya upande wa mbele. Jioni aliiwasha. Akafanya hivyo tena, na tena, msimu wenyewe ukiwa wa joto la kukausha mate.

"Kaka, huu umeme wa kwangu una nini?" msusi aliuliza.

"Nyaya zimechoka. Nitamwita fundi."

"Fundi gani huyo asiyefika? Na dawa ya Mama je?"

"Basi lete friji huku kwangu. Kwangu umeme haukatiki."

Msusi alimtazama. Hakuwa mjinga. "Leo friji, kesho kiti, keshokutwa mimi mwenyewe barabarani. Siyo?"

"Hayo umesema wewe."

Akanunua barafu, akawa anaitia kwenye chupa ya chai na dawa humo ndani, akibadilisha kila ikiyeyuka. Kwa muda ikawezekana. Lakini kikaushio hakiwaki, feni haizunguki, na wateja si wa kukaa wakitoka jasho kama wanaopikwa. Wakapungua, wakaisha. Msusi ikambidi aende kusuka majumbani kwa watu, aondoke asubuhi arudi jua likizama, na kutwa nzima hapakuwa na wa kutazama barafu. Jeshi la kusini lilikuwa limetoka bandarini, sawasawa na ilivyoshauriwa. Dobi aliandika habari hiyo kundini akiwa amesimama penye meza ya pasi, na siku hiyo alinyoosha nguo akipiga mluzi.

Mama hakulalamika. Alijidunga dawa ile vuguvugu kama alivyozoea, akanyamaza, kwa sababu aliona akisema ataonekana kachagua mtoto. Akaanza kunywa maji jagi kwa jagi. Akawa hamalizi kwenda chooni. Akakonda uso, akawa anasinzia kwenye kiti chakula kikiwa mkononi. Siku moja Dobi alipita akiwa na simu, naye akamshika shati.

"Mwanangu, hii vita yenu naiona. Mimi nimo upande gani?"

"Vita gani, Mama? Ni nyaya tu."

"Haya," mama akasema, akaliachia shati.

Jioni ile Dobi aliandika: Mji umeanza kuonyesha uchovu. Akajibiwa akaze kamba, kwani adui huvunjika pale pale unapotaka kulegeza. Akakaza.

Msusi ndiye aliyemkuta mama sakafuni, anapumua kwa nguvu, hasikii akiitwa. Hospitalini muuguzi aliinua kile kichupa cha dawa kwenye mwanga.

"Hii mlikuwa mnaiweka wapi?"

"Kwenye friji," Dobi akasema, uso mkavu.

"Friji linalowaka?"

Akakitikisa kichupa. "Hii imekufa kwa joto," muuguzi alisema. "Alikuwa anajidunga maji." Msusi hakupiga kelele wala hakumrukia kaka yake. Alimtazama tu, kisha akahamia upande wa pili wa kitanda, na huko alibaki mpaka mama yao alipokata roho.

Baada ya maziko alikuja na mkokoteni. Alichukua kioo, viti, masanduku, na friji mwisho.

"Chumba hicho," alimwambia Dobi mlangoni. "Fua."

Hakurudi tena. Dobi alibaki na nyumba nzima. Alikaa katika chumba cha mbele, sakafuni palipobaki alama ya mraba ya friji, akatafuta mtu wa kumwambia jambo lolote, na hakumpata ila kundini. Akaandika kwamba zoezi limekwisha: kusini wameondoka, bandari imechukuliwa, hakuna risasi iliyopigwa.

Wakamshangilia. Wengine walisema halijatokea zoezi safi kama hilo tangu kundi lianze. Bwana Kifaru akauliza, "Na ule mji?"

"Ulianguka."

"Hasara inayokubalika," akajibiwa.

Dobi aliyasoma maneno hayo. Vidole vikaandika vyenyewe, kabla hajavizuia: "Alikuwa mama yangu."

Nyuso za kucheka zikaanza kushuka, moja, nyingine, mpaka zikajaza kioo cha simu. Mtu akaandika kwamba Jemadari atawaua kwa vichekesho. Mwingine akasema amecheka mpaka mkewe kamfokea.

Alizitazama mpaka zikaacha kushuka. Angeweza kuwaambia. Badala yake akatafuta uso wa kucheka, akauweka wa kwake chini ya zile nyingine, akainuka kwenda kupima juu ya mlango, pa kuweka jina lake.