Kigae Kilichopotea Bunda

Siku yangu ya kwanza kazini, Mratibu wa masomo ya mambo ya kale alinipa chungu kipya alichokinunua sokoni Bunda. Akasema, "Kivunje."

Nilisita.

"Wewe Marwa, unaogopa chungu?"

Nikakibamiza kwenye sakafu ya darasa, mlango umefungwa. Tulipookota vigae, kimoja hakikuonekana. Tulihamisha madawati yote. Hakuna.

Mimi niliishia darasa la saba, tena nina aibu, ila Mratibu alisema vitabu ni vyake, mimi nifundishe mikono. Kazi ilikuwaga hivi. Nachimba shimo la mazoezi, nazika vigae, narudishia udongo. Wanafunzi wanagawa eneo kwa kamba, miraba miraba, halafu wanakwangua kwa mwiko wa fundi ujenzi, tabaka kwa tabaka, maana udongo wa chini ndio wa zamani zaidi. Mwisho wanaunganisha chungu kwa gundi ya karatasi. Baadaye nakiloweka, kinaachia, tunaenda shule nyingine.

Musoma watoto walinicheka. "Mwalimu, chungu chako kimeng'oka jino!" Utani huo ukatufuata kila shule.

Butiama tulipewa uwanja nyuma ya shule, ardhi ngumu isiyolimwa. Mratibu alikuwa ameniahidi kwamba somo hilo likienda vizuri, ananiajiri moja kwa moja. Mama alishaanza kuwaambia majirani.

Chungu kilipokuwa kimeshaunganishwa, Bhoke, binti wa darasa la sita, alipitiliza kuchimba. Chini ya udongo niliorudishia mimi, kwenye ule mgumu, alitoa kigae cheusi kwa masizi. Mizizi ilikuwa imekizunguka. Akakifuta kwa kidole, akakijaribisha kwenye chungu.

Kikaingia penye pengo, kikanasa. Hakuna aliyecheka.

"Mwalimu, kumbe jino lilikuwa huku?"

Mratibu alikipapasa kwa kidole, macho yakamng'aa. "Kesho tunashuka zaidi."

"Madam, hiki chungu nilikivunja mimi. Bunda."

"Ndiyo maana tunashuka."

Niliwatazama watoto waliopiga magoti shimoni. Nikawaza, tukishuka, tutakuta kitu gani kingine chetu, kimeshazeeka huko?

"Tokeni," nikawaambia. Nikashika beleshi.

"Marwa, ukifukia, kazi huna."

Nikafukia. Bhoke alisukuma udongo kwa mikono yake, na wenzake wakamfuata bila kuagizwa.

Watu hustaafu na mvi. Mimi nimestaafu ndevu hazijatimia, sasa napara samaki mwaloni Musoma, mitumbwi inaposhusha. Mtakaoishika kazi ile, kabla ya kuzika chochote, waulizeni wenyeji pale palikuwa pa nani. Sisi hatukuuliza.

Chungu Mratibu hakukitaka tena, akaniachia. Nilikiloweka kwenye beseni ili kiachie, nikirudishe kile kigae Butiama. Mpaka leo hakijaachia, wala hakivuji.

Mama anakiwekea maji ya kunywa. Anasema yananukia moshi.