Wimbo Namba Moja na Kadi za Mama

Kijana wa Lumakanda alikuwa amekunja mguu mmoja wa suruali mpaka gotini na kuuacha mwingine chini, kama mtu aliyeanza kuvuka mto Isiukhu akabadilisha nia. Hivyo ndivyo nilivyomwona mara ya kwanza, Jumapili alasiri, katika ukumbi wa nyuma ya soko la Kakamega ambako vijana walikutana kwa disko la mchana. Kofia ya sufu kichwani, jua la kupasua mawe nje. Alijiita kwa herufi tatu za Kiingereza, na nilipomuuliza zina maana gani akasema bado anafikiria. Baba yake alikuwa na shamba kubwa la mahindi, na ukimwangalia kijana mwenyewe ulijua kwamba jembe alilishika tu pale lilipomzibia njia.

Mpinzani wake alikuwa mdogo wangu wa kiume. Huyo nilimfahamu kuanzia kiunoni kwenda chini kuliko mtu yeyote, maana suruali zake nilizishona mimi, kwenye cherehani yangu nje ya duka la vitambaa. Suruali moja ilimeza kitambaa cha watu wawili na mgeni wao. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na sasa alikuwa anangoja. Alingoja nini, hakuna aliyejua. Miaka ile ya tisini ikielekea mwisho, mji mzima ulikuwa umejaa vijana wanaongoja, na wote walikuwa wanarap.

Kila Jumapili hao wawili walipanda jukwaani kutukanana. Yule alituita panya wa miwa. Wangu aliwaita watu wa Lumakanda walinzi wa mashamba ya wazungu walioondoka zamani. Umati ulipiga kelele utadhani wako Khayega kwenye pambano la fahali. Mimi nilikaa nyuma nikishona vifungo na kuwadharau wote. Fahali angalau hupigana kweli, na akishindwa hukimbia bila kusema aliibiwa.

Basi siku moja maadui hawa wakawa ndugu wa toka nitoke. Kisa chenyewe hakikuwa kikubwa. Yule wa Lumakanda alikuwa na baba wa kumlipia studio Nairobi lakini hakuwa na la kusema. Wangu alikuwa na maneno tele lakini hata nauli ya kufika Nairobi hakuwa nayo. Wakatengeneza wimbo mmoja wa pamoja. Maneno yote aliyaandika ndugu yangu. Yule alichukua ubeti wa kwanza na kiitikio, akamwachia mwenye maneno ubeti wa pili. Ndugu yangu alitaka isukuti zipigwe chini ya sauti, zile ngoma zetu zinazomwinua hata mgonjwa. Kijana wa herufi tatu akasema hataki ngoma za matangani kwenye kazi yake. Badala yake wakaweka mlio wa kompyuta uliofanana na paka aliyefungiwa kabatini.

Ubeti wa kwanza ulikuwa upuuzi mtupu: magari ambayo hawakuwahi kuyapanda, wasichana ambao wasingewaitikia hata salamu. Lakini ubeti wa pili ndugu yangu alinisomea nikiwa kwenye cherehani, na mguu wangu ukasimama. Ulimhusu baba. Baba alifanya kazi kwenye mizani ya kiwanda cha sukari, pale trekta zinapopimwa na miwa yake, na mara nyingi ilikuwa zamu ya usiku. Ubeti ulisimulia anavyofika asubuhi, anavyonawa nyuma ya jiko na harufu ya molasi inakataa kutoka, na anavyokula obusuma, ugali wa jana, akiwa amesimama, kwa sababu akikaa atalala kabla ya kumaliza. Hapakuwa na gari hata moja ndani yake. Niliona fahari, na nikachukia kwamba maneno yale yamefungwa gunia moja na takataka.

"Mwimbie mzee hapa nyumbani," nilimwambia.

"Sista, nikimwimbia hapa ataniambia niende nichote maji. Wacha asikie kwa redio."

Redio ndiyo iliyokuwa hukumu. Baba alikuwa amemwombea nafasi ya karani wa mizani, na nafasi ilikuwa inasubiri mpaka mwisho wa mwezi. Ndugu yangu hakuitaka. Aliona maisha yake yote yakipita pale, akisoma uzito wa miwa ya watu. Alipomletea baba mkanda ausikilize, baba aliusukuma pembeni.

"Mkanda hata mlevi anaweza kujirekodi," baba alisema. "Mimi nataka redio. Siku nitasikia sauti yako kwa redio, nitanyamaza, uende na hiyo Nairobi yako. Kama sitasikia, mwisho wa mwezi tunaenda na wewe kwa mizani."

Redioni kulikuwa na kipindi cha Jumamosi alasiri, cha nyimbo bora za wiki. Bora kwa maana ya kadi. Msikilizaji alinunua kadi ya salamu, akaandika wimbo anaoutaka na majina ya watu anaowasalimu, akaituma kwa posta. Wimbo wenye kadi nyingi ndio uliokuwa namba moja, nao ulipigwa mwisho, kabla ya taarifa ya habari. Mtangazaji wake alikuwa mtu aliyeipenda sauti yake kuliko muziki wowote. Kila wimbo ulipofika katikati, yeye aliushusha chini kama mtu anayepunguza moto wa jiko, akaanza kusoma salamu juu yake. Nchi nzima ilimwita bingwa. Kwangu alikuwa mtu anayeongea ibadani.

Wimbo wao ulipoanza kupigwa tuliketi wote sebuleni, betri zikiwa zimeanikwa juani tangu asubuhi. Kijana wa Lumakanda akasikika neno kwa neno, na magari yake yote. Kiitikio kikaja. Ubeti wa pili ulipofungua mdomo, mtangazaji naye akafungua wake, akasoma salamu za watu wa Malava mpaka kiitikio kikarudi.

"Nimesikia huyo wa Lumakanda," baba alisema, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Jumamosi iliyofuata mambo yakawa yale yale. Hapo mama akaamua kuokoa jahazi. Mama alikuwa na imani kwamba namba moja ni mtu mkubwa, na mtu mkubwa hakatizwi akizungumza. Kwa hiyo wimbo ulihitaji kadi nyingi zaidi. Akalipeleka jambo hilo kwa akina mama wa kanisa letu, nao wakalipokea kama vile ni harambee ya kuezeka paa. Wakanunua kadi, wakaketi kwenye viti vya kanisa baada ya maombi, wakaandika.

Na waliandika salamu. Hili lazima nilieleze, kwa sababu ndilo lililotumaliza. Wangeweza kutaja jina la wimbo, wakaacha nafasi ya salamu wazi. Lakini kwetu kutuma kadi tupu ni matusi. Ni kufika mpaka mlangoni kwa watu ukageuka bila kupiga hodi. Kila mama alijaza kadi mpaka ukingoni: shemeji, wakwe, wachungaji waliostaafu, majirani waliogombana nao wakitaka wapatane. Aliyekosa nafasi aliandika kwa kuzungusha kadi kando kando. Sijawahi kuona watu wakichimba shimo kwa furaha kiasi kile.

Nilimwambia mama wazi. "Mama, hizo salamu ndizo zinamfunika. Kadi zikiongezeka, yule mtu atasoma zaidi."

"Wewe unadharaunga kila kitu," mama alinijibu. "Salamu inafunikanga mtu?"

Nikamgeukia ndugu yangu, mwenye wimbo, aliyepaswa kuwa wa kwanza kuona hatari. Yeye alikuwa amekwisha kuvimba kichwa. Alikuwa anasalimiwa mjini na watu wasiomjua, wasichana wa chuo wakimwonyesha kwa vidole. "Tukifika namba moja, sista, itapigwa yote," alisema. Nilimtazama nikaona kwamba herufi tatu zile zinaambukiza.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikafika, na wimbo ukafika namba moja. Boma letu lilijaa. Ingokho wawili, kuku wetu wa kienyeji, walikuwa wamechinjwa, akina mama wa kanisa wamevaa vitambaa vyao vya kichwa vya sare, na redio imetolewa nje juu ya meza yenye kitambaa cha kufumwa. Baba aliketi mbele kabisa, mikono magotini. Ndugu yangu alikaa chini karibu na miguu yake. Alikuwa hajala.

"Na sasa namba moja nchini!" mtangazaji akapaza sauti. "Kutoka Magharibi, kijana wetu wa Lumakanda, pamoja na mwenzake!"

Mwenzake. Watu wakapiga makofi. Ubeti wa kwanza ukapita mzima, bila mtu kuugusa. Kiitikio kikapita. Nikamwona baba akiinama kidogo kuelekea redio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa hotuba ya rais, na nikamwona ndugu yangu akivuta pumzi kana kwamba ni yeye anayepaswa kuanza kuimba pale pale.

"Hizi kadi za leo, jamani, ni gunia!" alisema mtangazaji. "Salamu ziwafikie Mama Mwenyekiti na akina mama wote wa kanisa, Kakamega! Mkunga wa Iguhu popote ulipo! Fundi wa baiskeli wa Khayega, jirani na posho mill!"

Kila aliyetajwa aliruka. Mama Mwenyekiti alipiga kigelegele mpaka kuku waliobaki wakakimbia. Wakakumbatiana, wakaulizana, umesikia, umesikia, na waliokuwa hawajatajwa wakawanyamazisha wengine ili wasipitwe. Mimi nilikuwa nimesogea, nikaweka sikio karibu na spika. Chini kabisa ya salamu zile nilimsikia ndugu yangu, mbali, akimsimulia baba yangu anavyonawa nyuma ya jiko. Hakuna mwingine aliyesikia. Niliwachukia wote pale uani, wema wao na vitambaa vyao.

"Na mzee wa mizani, baba wa boma lile, mkeo anakusalimu sana!"

Baba alishtuka, akajinyoosha, akashika kola ya shati. Watu wakamshangilia kwa jina lake, wakampa mkono mmoja baada ya mwingine. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu la baba lilikuwa kitu cha nadra kwetu. Kiitikio kikarudi. Kisha taarifa ya habari.

Mama alikuja mbio akamshika ndugu yangu mabega. "Umeona? Namba moja! Si nilisema?"

"Mama," alisema, "mimi hukuniandika mahali?"

Mama alimshangaa kwa dhati, hata akacheka. "Wewe? Wewe si uko ndani ya redio? Nani anasalimianga mtu ako kwake?"

Baba alizima redio ili betri zisiishe. Alikuwa na furaha, na sikuona ukali wowote machoni mwake alipomwangalia kijana wake. "Hiyo redio ni ya maana kweli," alisema. "Wametaja mpaka mimi. Lakini wewe sijakusikia. Jumatatu tutatoka mapema."

"Sawa, Baba," ndugu yangu alisema. Alisema polepole na kwa sauti safi, na hilo ndilo neno lake pekee ambalo baba alilisikia siku ile.